Je, Wajua? Kanzu nyeupe si nyeupe kila mahali

Ipige picha kanzu nyeupe chini ya balbu ya waya, itatoka na rangi ya chai ya maziwa. Itoe nje, kivulini, inaingia ubuluu. Kanzu ni ile ile. Jicho hurekebisha bila kukuuliza. Kamera nayo hubahatisha, mpaka uiambie.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mshumaa ni kama 1,900, balbu ya waya 2,700, jua la mchana 5,500, kivuli hupita 7,000. Kichekesho: mwanga wa buluu, tunaouita wa baridi, ndio wenye namba kubwa! Ni kwa sababu kelvini hupima joto: mwangalie mhunzi. Chuma chake huanza na wekundu, kikizidi moto kinakuwa manjano, kisha cheupe.

Dawa ni karatasi nyeupe. Ishike pale pale aliposimama mvaa kanzu, ijaze picha nzima, piga, kisha iambie kamera: weupe ndio huu. Taa zikibadilika, rudia.

Ila machweo yaache. Ukiiachia kamera ijichagulie, inaweza kuufifisha ule wekundu uliokutoa nyumbani. Kwenye kamera, weka alama ya jua. Ukitaka uive zaidi, weka ya kivuli.