ASPARAGA: NI LINI MKULIMA AANZE KUVUNA?

Mimea mingi ya bustani humlipa mkulima mwaka ule ule anaoipanda. Maharagwe huvunwa baada ya miezi michache, sukumawiki huchumwa mapema zaidi, na viazi huchimbwa msimu uo huo. Lakini iko mboga moja ambayo kanuni yake ni nyingine, nayo ni asparaga. Mboga hii ikitunzwa vyema huweza kuzaa mahali pamoja kwa muda wa miaka 15, au hata 20. Lakini ikivunwa mapema kupita kiasi hudhoofika, na mkulima hupoteza mazao ya miaka mingi kwa ajili ya milo miwili mitatu aliyoitamani. Kwa hiyo yampasa kila mtu aliyepanda asparaga nyumbani kwake ajue vizuri ni lini aanze kukata, na ni lini aache.

MMEA WENYEWE

Sehemu iliwayo ni chipukizi changa linalotoka ardhini. Ni nyoofu kama kijiti, nayo ncha yake imefungamana kwa vigamba vidogo. Chipukizi hilo lisipokatwa huendelea kurefuka, likatoa matawi na majani membamba sana mfano wa manyoya ya ndege, hata likafika urefu wa futi nne au tano.

Chini ya udongo kuna tunguu, yaani shina fupi linalolala ardhini. Upande wa juu wa tunguu yako macho ambayo hufunguka kuwa machipukizi, na upande wa chini hutoka mizizi minene. Mizizi hiyo ndiyo ghala ya mmea. Majani hupokea nuru ya jua na kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya chakula hicho hushuka mizizini kuwekwa akiba. Mmea unapoamka baada ya kupumzika hauna jani hata moja la kuulisha, na machipukizi yote ya kwanza hulishwa kwa akiba ile ya msimu uliopita.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya kuvuna asparaga. Kila tukatapo chipukizi moja, tunguu hulazimika kufungua jicho jingine na kutumia sehemu nyingine ya akiba. Ni kama mtu mwenye fedha zake benki. Akitoa kidogo na kuweka tena, fedha hudumu. Akitoa kila siku bila kuweka, siku moja ataambiwa kwamba hana kitu. Mmea mkubwa una ghala kubwa, kwa hiyo huvumilia kukatwa kwa majuma mengi. Mmea mchanga una mizizi michache, na ukikatwa sana hutoa machipukizi membamba, kisha majani machache. Majani yakiwa machache ghala haijai, na mwaka unaofuata mmea huamka ukiwa dhaifu zaidi.

KUHESABU MIAKA

Katika nchi za baridi kama Uingereza, watu wengi hawaanzi na mbegu. Hununua matunguu ya umri wa mwaka mmoja na kuyapanda mwanzoni mwa majira ya kuchipua, katika mtaro wenye kina cha inchi nane hivi uliotiwa samadi iliyooza. Matunguu hufunikwa kwanza kwa udongo wa inchi mbili tu, na mtaro hujazwa kidogo kidogo kadiri machipukizi yanavyopanda. Tangu siku hiyo hesabu huanza.

Mwaka wa kwanza, yaani mwaka wa kupanda, hakuna kukata hata chipukizi moja. Huenda mkulima akaona machipukizi machache mazuri na kujiambia kwamba moja halitadhuru. Yafaa akumbuke kwamba hayo machache ndiyo majani yote ambayo mmea utakuwa nayo mwaka huo.

Mwaka wa pili wataalamu hawapatani wote. Desturi ya watunza bustani wa Uingereza ni kuuacha mwaka huo pia upite bila kuvuna. Lakini huko Marekani washauri wengi wa kilimo huruhusu kuvuna kidogo, kwa muda wa majuma mawili hivi, ikiwa mimea imestawi. Baadhi yao husema kwamba kukata kwa muda mfupi namna hiyo huliamsha tunguu kufungua macho mengi zaidi. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana kwamba mmea dhaifu usiguswe, na kwamba anayeanza mwaka wa pili lazima aache mapema.

Mwaka wa tatu mkulima aweza kuvuna kwa majuma manne hadi sita. Kuanzia mwaka wa nne mmea umekomaa, naye aweza kuvuna kwa majuma sita hadi manane kila mwaka. Mtu aliyeanza na mbegu badala ya matunguu aongeze mwaka mmoja katika hesabu hii.

CHIPUKIZI LIFAALO KUKATWA

Chipukizi hufaa kukatwa likiwa na urefu wa inchi sita hadi kumi, nayo ncha yake ingali imefungamana. Ncha ikianza kufunguka na vitawi kuonekana, chipukizi limeanza kuwa gumu, na ni afadhali kuliacha likue. Siku za joto machipukizi hurefuka inchi kadhaa kwa siku moja, hivyo bustani itembelewe kila siku. Siku za baridi inatosha kuitembelea mara moja kila siku mbili au tatu.

Wengine hukata kwa kisu kirefu chini kidogo ya uso wa udongo. Njia hii ni nzuri kwa mwenye uangalifu, lakini kisu huweza kuyajeruhi macho mengine ambayo hayajatokea juu. Njia nyepesi zaidi ni kulipinda chipukizi kwa mkono hata livunjike. Kwa kawaida huvunjika pale ambapo sehemu laini inakutana na ile ngumu.

Watu wengi hudhani kwamba chipukizi jembamba ndilo laini na nene ndilo gumu. Sivyo. Chipukizi nene likikatwa kwa wakati wake huwa laini sana. Unene hutuambia habari nyingine, nayo ni nguvu ya tunguu lililolizaa.

WAKATI WA KUACHA

Kujua siku ya kuacha kuna maana kubwa kama kujua siku ya kuanza. Machipukizi mengi yanayotoka yakiwa membamba kuliko kalamu ya risasi, mmea unatangaza kwamba akiba yake inakaribia kwisha. Siku hiyo mkulima aache kukata, hata kama majuma aliyoyahesabu hayajatimia.

Wazungu wanaoipenda sana mboga hii wamejiwekea mipaka ya kalenda. Huko Uingereza, katika bonde la Evesham linalosifika kwa asparaga, msimu kwa desturi huanza tarehe 23 Aprili na kwisha tarehe 21 Juni. Wajerumani huacha kuvuna tarehe 24 Juni, siku ya Mtakatifu Yohana. Sababu ni ile ile: mmea upate miezi yote iliyobaki ya jua kabla ya majira ya baridi ili ujaze ghala yake.

Baada ya kuacha, machipukizi yote yaachwe yawe majani. Bustani ipaliliwe kwa mkono au kwa jembe lisilochimba sana, maana matunguu hayako mbali na uso wa udongo. Samadi itiwe. Majani yasikatwe yangali ya kijani, hata kama yameanza kuinama na kusonga njia. Yafungwe kwa vijiti. Yakishageuka manjano, yaani chakula chote kimeshuka, ndipo yakatwe karibu na ardhi.

NCHI ISIYO NA MAJIRA YA BARIDI

Katika nyanda za juu za Kenya asparaga huweza kumea, lakini hapa hakuna theluji wala baridi kali ya kuyafanya majani yakauke yote kwa pamoja na kuulaza mmea kwa miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kufuata kalenda ya Uingereza neno kwa neno. Ziko njia mbili ambazo nchi za joto zimezitumia kwa faida.

Njia ya kwanza inaonekana Peru, nchi inayouza asparaga nyingi katika nchi za nje. Pwani ya Peru ni jangwa, na mashamba hunyweshwa maji kwa mifereji na mipira. Mkulima hupunguza maji ili mmea upumzike, hukata majani yaliyokomaa, kisha hurudisha maji na kuvuna machipukizi yanayoamka. Mahali penye kiangazi cha kweli baina ya mvua ndefu na mvua fupi, ukavu huweza kufanya kazi ifanywayo na baridi huko Ulaya.

Njia ya pili hutumiwa huko Taiwan na Thailand. Kila tunguu huachiwa mashina matatu hadi matano yakue kuwa majani kamili. Hayo huitwa mashina mama. Mashina mama hutengeneza chakula wakati ule ule ambao mkulima anavuna machipukizi mengine yanayotoka pembeni. Yakizeeka baada ya miezi michache, huachiwa mapya yashike mahali pake. Kwa njia hii kuvuna huanza mapema kuliko Uingereza na huendelea kwa miezi mingi, kwa kuwa ghala hujazwa huku ikitumiwa. Lakini hata huko mmea mchanga huachwa kwanza ujenge mashina yenye nguvu.

MAONYO MAWILI

Mimea ya kike ya asparaga huzaa matunda madogo mekundu. Matunda hayo ni sumu, na watoto waonywe wasiyale. Yakianguka huota na kuwa magugu yanayonyang'anya chakula cha mimea mikubwa, kwa hiyo yaokotwe.

Tena, katika Afrika kuna aina nyingi za asparaga za mwituni, zenye majani yanayofanana na haya na mara nyingi zenye miiba. Mtu asiipande mizizi ya porini akitumaini kupata mboga inayouzwa sokoni. Ni jamii moja, lakini si mmea mmoja.

ALIYEKWISHA KOSEA

Aliyevuna mapema asing'oe mimea yake. Aache kukata mara moja, atie samadi, anyweshe maji wakati wa ukavu, na auache msimu mzima unaofuata upite bila kisu. Machipukizi yakirudi kuwa na unene wa kidole kidogo, ghala imejaa tena, naye aweza kuanza kwa majuma mawili tu. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka. Misimu miwili ya kungoja ni michache ikilinganishwa na miaka 15 ya kuvuna.