Migogoro ya Tovuti za Gemu Yaonesha Umuhimu wa Mkataba kwa Watayarishaji wa Maudhui

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwezi Novemba, 2023, watazamaji wa Zero Punctuation, kipindi kilichokuwa kikichambua michezo ya video katika tovuti ya The Escapist tangu mwaka 2007, waliagana na jina walilolizoea kwa miaka 16. Mtayarishaji wake, Ben Croshaw, anayefahamika zaidi kwa jina la Yahtzee, alijiuzulu. Sauti na mtindo wake wa uchambuzi aliondoka navyo, lakini jina la kipindi lilibaki mikononi mwa mmiliki wa tovuti.

Kwa kijana wa Kitanzania anayerekodi video za gemu kwa simu au kompyuta yake, tukio hilo lina uzito, kwani maswali yaliyoibuka huko ndiyo atakayokutana nayo siku atakapopokea ofa ya kwanza ya kufanya kazi chini ya jina la kampuni. Ieleweke kuwa makala haya yanahusu michezo ya video na wanaoichambua au kuiongezea vionjo, wala si michezo ya kubahatisha.

Migogoro mingi ya aina hii, iwe mikubwa au midogo, hurejea kwenye maswali matatu: jina ni la nani, fedha zinagawanywaje, na kazi yenyewe inabaki wapi pande mbili zinapoachana.

Jina ni la nani

The Escapist ilinunuliwa na kampuni ya Gamurs mwaka 2022. Mwaka uliofuata, mhariri wake mkuu, Nick Calandra, alitangaza hadharani kuwa ameachishwa kazi kwa kutofikia malengo, ambayo kwa maelezo yake hayakuwa yamewekwa bayana. Timu ya video ilijiuzulu kumuunga mkono na ndani ya siku chache ikaanzisha Second Wind, chombo kinachoendeshwa kwa michango ya watazamaji kupitia mtandao wa Patreon.

Croshaw alianza kipindi kipya alichokiita Fully Ramblomatic. Jina hilo hakulibuni siku hiyo. Alikuwa akilitumia katika tovuti yake binafsi tangu zamani. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe alipata pa kuanzia, na watazamaji wakajua wamfuate wapi.

Fedha zinagawanywaje

Tovuti hiyo hiyo ilikuwa imepitia mvutano mwingine mwaka 2011. Waandaaji wa kipindi cha Extra Credits walidai kuwa hawakulipwa malipo yao yote. Mvutano uliongezeka baada ya watazamaji kuchangia matibabu ya mchoraji wa kipindi na michango kuvuka kwa mbali lengo lililowekwa. Pande mbili zikatofautiana kuhusu matumizi ya fedha zilizozidi. Hatimaye kipindi kilihamia kwingine. Jambo ambalo halikuwa limekubaliwa mapema ndilo lililozaa ugomvi, hata pale fedha zilipotolewa kwa nia njema.

Mwezi Aprili, 2015, kampuni ya Valve iliruhusu nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wa gemu ya Skyrim ziuzwe katika duka lake la mtandaoni la Steam. Mtengenezaji alipata asilimia 25 ya bei, na asilimia 75 iliyobaki ikaenda kwa Valve na Bethesda, mmiliki wa gemu. Wachezaji walipinga vikali, na baada ya siku chache tu mpango huo ulisitishwa na wanunuzi wakarejeshewa fedha zao.

Mwezi Juni, 2023, Twitch, jukwaa la kurusha gemu mubashara, lilitangaza masharti mapya ya matangazo ya wadhamini, ikiwemo kuzuia nembo ya mdhamini kuzidi asilimia 3 ya skrini. Watayarishaji wanaoishi kwa udhamini walilalamika kuwa kipato chao kinabanwa, na siku iliyofuata jukwaa hilo likayaondoa masharti hayo.

Kazi inabaki wapi

Mwezi Julai, 2021, tovuti ya Nexus Mods, inayohifadhi nyongeza za gemu mbalimbali, ilitangaza kuwa faili likishapakiwa halitafutwa kabisa kwa uamuzi wa mtengenezaji. Litaondolewa machoni pa watumiaji na kuhifadhiwa. Sababu iliyotolewa ni kuwa tovuti ilikuwa ikiandaa makusanyo ya nyongeza zinazotegemeana, na kuondoa faili moja kungevuruga mkusanyiko mzima. Watengenezaji wasioridhika walipewa takribani mwezi mmoja kuomba kazi zao zifutwe, na baadhi yao waliondoka.

Ni haki kusema kuwa wamiliki wa tovuti nao wana hoja. Wao hugharamia mitambo, hutafuta matangazo, hubeba wajibu wa kisheria na huwaleta watazamaji ambao msanii mchanga asingewapata peke yake. Ugomvi huanza pale kila upande unapokuwa na picha yake ya makubaliano ambayo hayakuandikwa.

Sheria inasemaje nchini

Nchini, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, hulinda kazi ya ubunifu tangu inapotengenezwa. Hata hivyo, sheria hailindi wazo tupu. Anayesimulia wazo la kipindi katika kikao bila kuandika wala kurekodi chochote ana kinga ndogo. Sheria hiyo pia inatofautisha haki za kiuchumi, zinazohusu mapato, na haki ya mbunifu kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) ndiyo inayosimamia masuala hayo Tanzania Bara.

Jina la kipindi na nembo yake huingia katika eneo jingine, la alama za biashara, ambazo kwa Tanzania Bara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Wananchi wengi huchanganya mambo mawili: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Zanzibar ina taasisi zake zinazosimamia masuala haya.

Kabla ya kutia saini

Mtayarishaji anashauriwa kupata majibu ya maandishi kwa maswali yafuatayo:

1. Je, ninaajiriwa, au ninatoa huduma kama mtu huru?
2. Jina la kipindi, nembo na akaunti za mitandao vitakuwa mali ya nani mkataba ukiisha?
3. Nitalipwa kiasi gani, lini, na kwa kumbukumbu ambazo nami ninaweza kuziona?
4. Michango ya watazamaji na fedha za wadhamini zitapokelewa na nani?
5. Video za zamani zitaendelea kuingiza mapato kwa nani?
6. Masharti yakibadilika, nitapewa taarifa ya muda gani, na ninaweza kuondoa kazi zangu?

Ni vyema pia kutunza mafaili halisi, barua pepe na tarehe za kazi, na kumshirikisha mwanasheria kabla ya kukabidhi haki zote. Kampuni nayo hunufaika na uwazi huo, kwani mtayarishaji anayejua nafasi yake hana sababu ya kuondoka ghafla na kuwahamisha watazamaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mtayarishaji wa maudhui, mali hiyo ni jina lake na kazi yake, na daftari ni mkataba aliousoma hadi mwisho kabla ya kuutia saini.