Manusura wa Agosti 7 na Mizizi ya Ustahimilivu

Ustahimilivu, yaani uwezo wa mtu kuendelea kuishi maisha yenye maana baada ya kupatwa na dhara kubwa, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni kipaji ambacho mmoja amejaliwa na mwingine akanyimwa, ilhali historia ya jiji la Nairobi, ambako maelfu ya watu walijeruhiwa kwa pamoja asubuhi moja, yaonyesha kuwa uwezo huo hutegemea zaidi watu walio karibu na majeruhi na riziki iliyobaki mikononi mwake.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, likaua watu 213 na kujeruhi wengine wapatao 5,000, ambao wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini, darasani au safarini wakipita njia hiyo. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi, liliporomoka lote, na jumba refu la Benki ya Ushirika likabaki bila vioo. Washambulizi walikuwa wamerusha guruneti kabla ya mlipuko wenyewe, na kishindo chake kiliwavuta watu madirishani kutazama kulikoni, kwa hiyo bomu lilipolipuka vioo viliwapasukia usoni. Ndiyo sababu upofu, wa jicho moja au yote mawili, ukawa miongoni mwa alama kuu za siku ile.

Jeraha la macho lina ugumu wa pekee, kwa kuwa humpata mtu mzima aliyekwisha kuzoea kusoma, kuendesha gari na kujitafutia, likamlazimu kujifunza upya mambo aliyoyajua tangu utotoni: kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma kwa nukta nundu, ambayo ni maandishi ya vitone vinavyopapaswa kwa vidole, na kutambua sarafu kwa mguso. Pamoja na hayo huja kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalomfanya mtu aliishi tena tukio lililokwisha kupita, ashtuke kwa kila kishindo, akose usingizi na aepuke mahali panapomkumbusha yaliyompata. Na hali hiyo ikiendelea kwa zaidi ya mwezi mmoja na kumvuruga maishani, madaktari huihesabu kuwa ugonjwa.

Daktari wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 katika miezi michache iliyofuata shambulio, wakachapisha matokeo mwaka 2004. Takriban asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya ugonjwa huo, lakini jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni orodha ya mambo yaliyoambatana nazo, kwani pamoja na kujeruhiwa, kutopona jeraha na kufiwa, yalikuwamo pia kutomweleza rafiki yaliyo moyoni na kupata shida ya fedha baada ya mlipuko. Hakuna hata moja kati ya haya mawili ya mwisho linaloweza kuondolewa kwa kumhimiza majeruhi ajikaze, ingawa ushauri huo ndio unaotolewa kwa wepisi zaidi katika wodi na matangani, hasa kwa wanaume.

Watafiti waliowalinganisha manusura wa Nairobi na wale wa bomu la Oklahoma City, lililoua watu 168 mwaka 1995, waliona kuwa Wakenya walitegemea zaidi msaada wa dini, wakati Wamarekani walitegemea zaidi matibabu na dawa, na pia pombe. Imani iliwafaa Wakenya hao, na haifai kubezwa, kwa kuwa jumuiya ya waumini humpa majeruhi wageni wa kumjulia hali, watu wa kumsikiliza na, panapokuwa na uhitaji, mchango.

Douglas Sidialo, aliyepoteza macho yote mawili siku ile, ndiye manusura anayetajwa sana panapozungumzwa matumaini, na kwa haki, kwa kuwa mwaka 2005 alifika kilele cha Kilimanjaro, chenye urefu wa mita 5,895, na baadaye akaendesha baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town. Ameeleza hadharani jinsi hasira ilivyomtawala mwanzoni na jinsi alivyoiacha baadaye. Hata hivyo, sifa anazopewa mara nyingi huficha sehemu muhimu ya habari yenyewe: baiskeli ile ilikuwa ya watu wawili, mwenye macho akiongoza mbele, na mlimani pia alipanda na wenzake. Ujasiri ulikuwa wake kabisa, lakini ulipata pa kushika.

Magharibi mwa jiji, katika hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo iliyo Barabara ya Lenana, jambo hilo huonekana kwa namna nyingine. Mtu aliyepooza miguu hukabiliwa kwanza na vidonda vya kulalia na maambukizi ya kibofu, na pasipo mtu wa kumgeuza kitandani kila baada ya saa chache, mazungumzo ya matumaini hayana msingi. Akisharudi nyumbani, kiti cha magurudumu, mlango unaokipitisha na matatu inayokubali kumbeba ndivyo huamua kama ataonana na watu au atafungiwa ndani.

Jiji limepata majeruhi wengine tangu hapo, wakiwamo wa Westgate mtaani Westlands, shambulio la Septemba 2013 lililoua watu 67, na wa Barabara ya Riverside, Januari 2019, ambako watu 21 waliuawa. Wale wa 1998 bado wanadai fidia. Sudan ilipokubali kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulio ya balozi na mengine, sehemu kubwa iliwaendea Wamarekani na wafanyakazi wa balozi na familia zao, na wapita njia wa Barabara ya Moi wakaachwa nje. Ikiwa dhiki ya fedha huambatana na kiwewe, kama utafiti wa Njenga ulivyoonyesha, basi dai lao ni sehemu ya matibabu, na linapaswa kushughulikiwa na serikali za Kenya na Marekani wakati wenye majeraha wangali hai.