Mzee wa Kiambere na Kura za Kanada

Wahenga walinena kwamba mtembezi hula miguu yake. Safari hii miguu yangu ilinifikisha Kiambere, katika nchi ya Wambeere, kusini mwa Kaunti ya Embu, pahali ambapo Mto Tana unaigawa Mbeere na Ukambani. Ni nchi ya jua kali, migunga na mbuzi. Watu wengi wa pwani hawajawahi kukanyaga huko, ingawa jambo moja la huko limo majumbani mwetu kila usiku. Bwawa la Kiambere, lililokamilishwa mwaka 1988, ni la mwisho katika mfululizo wa mabwawa matano ya umeme ya Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kutoka hapo nyaya kubwa za umeme huteremka nyikani hadi Rabai, na kutoka Rabai ndipo Mombasa ipate kuwaka.

Sikwenda kutazama bwawa lakini. Nilikwenda kumzuru mzee mmoja wa kwetu, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Alifika Kiambere mwaka 1984 akiwa fundi wa magari ya ujenzi. Bwawa lilipokwisha wenzake walirudi pwani. Yeye alikuwa amekwisha kuoa, akafungua duka la vyakula, akabaki. Leo ni mtu wa zaidi ya miaka sabini, na kofia yake ya viua haimtoki kichwani.

Nilimkuta barazani mwa duka, kikombe cha kahawa chungu mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," kisha, kabla hajaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza, "Je, wewe mwandishi, Alberta wataipindua serikali yao safari hii au hawataipindua?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe ndugu msomaji, mzee huyu anaijua siasa ya Kanada kuliko madiwani wengi wanavyoijua siasa ya kata zao. Na sababu anayo. Ana watoto wawili katika mji wa Edmonton, jimbo la Alberta: mwana wa kiume anayefanya kazi katika visima vya mafuta, na binti ambaye ni muuguzi. Wote wawili wamepata uraia wa huko na wote hupiga kura. Mashaka ya mzee ni kwamba hawapigi kura upande mmoja. Mwana ana kadi ya Conservative, chama cha kihafidhina. Binti ana kadi ya New Democratic, chama cha mrengo wa kushoto kinachojulikana kwa herufi NDP.

"Watoto wa tumbo moja," alisema, "Waislamu ugenini, na kila mmoja na bendera yake. Wewe hilo walionaje?"

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa nilitaka kwanza nimsikilize. Akanisimulia usiku wa uchaguzi mkuu wa Kanada wa tarehe 28 Aprili 2025. Vituo vingi vya huko vilifungwa saa kumi na nusu alfajiri kwa saa zetu. Mzee alikuwa macho tangu saa tisa. Alisali Alfajiri, akarudi kwenye simu, na jua lilipochomoza nyuma ya vilima alikuwa amekwisha kujua nani kapata na nani kakosa.

Na uchaguzi ule ulikuwa na maajabu yake. Mwezi wa Januari 2025, Waziri Mkuu Justin Trudeau alipotangaza kwamba angejiuzulu, kura za maoni zilionyesha Conservative wakiwaacha Liberal kwa zaidi ya asilimia 20. Watu walikuwa wamekwisha kuwahesabia Liberal siku za matanga. Mwezi wa Machi Liberal wakamchagua Bw. Mark Carney, mtu wa benki ambaye hajawahi kuwa mbunge. Wakati huohuo Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa akitisha kuifanya Kanada kuwa jimbo la 51, na Wakanada wakakasirika. Kura zilipohesabiwa, Liberal walipata viti 169 kati ya 343, wakaunda serikali. Kiongozi wa Conservative, Bw. Pierre Poilievre, alikosa hata kiti chake mwenyewe, ikabidi mbunge mwingine wa chama chake ajiuzulu ili yeye apate pa kugombea mwezi wa Agosti. Kiongozi wa NDP, Bw. Jagmeet Singh, naye alikosa kiti na kuacha uongozi, na chama chake kikabaki na wabunge saba tu.

"Usiku ule," mzee alisema, "mwanangu alilia na binti yangu alilia. Kila mmoja kwa msiba wake."

Hapo nikamweleza habari ya watoto watatu, nami naileta hapa kwa faida ya wasomaji, kwa kuwa ni habari ya Afrika Mashariki yetu.

Tarehe 4 Agosti 1972 Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wafungashe virago, akawapa siku 90. Kanada ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowafungulia mlango, na ndege ya kwanza ilitua Montreal mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo. Miongoni mwa watu hao walikuwamo watoto wachanga wawili waliozaliwa Kampala mwishoni mwa mwaka 1971. Mmoja ni Arif Virani, wa pili ni Rahim Jaffer. Mtoto wa tatu, Naheed Nenshi, alizaliwa Toronto mwezi wa Februari 1972, baada ya wazazi wake kuhamia huko kutoka Tanzania. Wote watatu ni Waismailia, na kati ya kuzaliwa kwa wa kwanza na wa mwisho haikutimia hata miezi mitatu.

Sasa tazama njia zao. Bw. Jaffer aliingia bungeni mwaka 1997 akiwa na miaka 25, kwa tikiti ya chama cha Reform, chama cha wahafidhina wa magharibi ambacho baadaye kiliingia katika Conservative ya leo. Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kanada. Bw. Virani aliingia mwaka 2015 kwa chama cha Liberal kutoka Toronto, na mwaka 2023 akawa Waziri wa Sheria wa nchi iliyompokea akiwa amebebwa mkononi. Bw. Nenshi naye alichaguliwa Meya wa Calgary mwaka 2010, Mwislamu wa kwanza kuongoza mji mkubwa wa Marekani ya Kaskazini, bila chama chochote. Mwezi wa Juni 2024 akachaguliwa kiongozi wa NDP ya Alberta kwa asilimia 86 ya kura za wanachama.

Watoto watatu, milango mitatu. La kustaajabisha zaidi ni hili. Kiti alichokishika Bw. Jaffer katika Bunge la nchi, toka 1997 hadi aliposhindwa na mgombea wa NDP mwaka 2008 kwa kura zisizofika 500, kiliitwa Edmonton Strathcona. Na kiti alichokipata Bw. Nenshi katika Baraza la Alberta, mwezi wa Juni 2025, nacho kinaitwa Edmonton Strathcona. Mtaa mmoja uliwapa kura watoto wawili wa Afrika Mashariki, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto.

Mzee alinyamaza kitambo, akatikisa kikombe chake. Kisha akasema, "Hayo ni mazuri kwa hao. Lakini sisi tulifundishwa kwamba umoja ni nguvu. Wachache wakigawanyika wataliwa."

Akanikumbusha mambo ya kwetu. Mwaka uleule bwawa lilipokwisha, 1988, Kenya ilikuwa na uchaguzi wa mlolongo. Katika uteuzi wa KANU watu walipanga foleni nyuma ya wagombea, na kila jirani akaona umesimama nyuma ya nani. Mwezi wa Desemba 1991 vyama vingi vikaruhusiwa tena, na mwaka 1992 vijana wa Mombasa wakaanzisha Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ilikataa kukiandikisha kwa hoja kwamba ni chama cha dini, na mitaa ya Mombasa ikajaa moshi wa machozi. Wafuasi wake wengi waliishia kukiunga mkono Ford-Kenya katika uchaguzi wa Desemba mwaka ule. Katiba ya mwaka 2010 nayo inakataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, kabila au eneo.

"Mimi nilikuwa IPK," alisema mzee. "Nilikuwa nikishuka Mombasa kila Idi, na kila Idi nilifikia kwa kaka yangu. Yeye alikuwa KANU, mtu wa kadi na wa mikutano. Idi ile ya 1993 hakunifungulia mlango, nami nikaapa kwamba sitaugonga tena. Aliniita mtu wa fujo, nikamwita kibaraka. Mwaka wa pili yake nikaletewa habari kwamba kafariki. Nilifika watu wamekwisha kurudi makaburini."

Sikuwa na la kusema. Nikaelewa kwamba anapouliza habari za Alberta, mzee huyu hamuulizii Bw. Nenshi wala Bw. Poilievre. Anauliza kama wanawe watafunguliana mlango.

Nilijaribu kumjibu kwa mfano wa mwaka 2015. Mwaka ule serikali ya Conservative ya Bw. Stephen Harper ilishikilia kwamba mwanamke anayevaa nikabu aivue anapokula kiapo cha uraia. Mama mmoja Mwislamu aliipeleka serikali mahakamani akashinda, akala kiapo siku chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Kama Waislamu wote wangekuwa wamejifungia katika chama kimoja, vyama vingine vingesema, hawa si wapiga kura wetu, tuwatukane tupate kura za wengine. Conservative walishindwa mwaka ule, na ingawa nikabu haikuwa sababu pekee, somo lilionekana. Miaka miwili baadaye, katika kugombea uongozi wa chama hichohicho, alipotokea mgombea aliyetaka wahamiaji wapimwe maadili kabla ya kuingia, mmoja wa waliompinga alikuwa Marehemu Deepak Obhrai, Mhindu mzaliwa wa Oldeani, Tanzania. Hakupata uongozi, kura zake zilikuwa chache mno. Lakini neno lilisemwa ndani ya nyumba, na mtu wa nyumba.

Tusiipambe Kanada kupita kiasi. Tarehe 29 Januari 2017 mtu mwenye bunduki aliingia msikitini katika mji wa Quebec, akaua Waislamu sita waliokuwa wametoka kusali Isha. Mwezi wa Juni 2019 jimbo hilo la Quebec likapitisha sheria inayomkataza mwalimu wa shule ya serikali kuvaa hijabu darasani. Kuwa na mawaziri na wabunge hakukuyazuia mambo hayo. Kumewapa Waislamu pa kusemea, na mahali pa kusemea ndicho kitu ambacho mzee wangu na kaka yake walikikosa, kila mmoja kwa upande wake.

Mzee alinisikiliza kwa adabu, ila sikuona kama amekinai. Ulipofika wakati wa Alasiri tukasali, na tulipotoka simu ikalia. Alikuwa binti yake. Kwao ilikuwa saa moja ya asubuhi, yu njiani kuelekea kazini. Mzee akaiweka simu juu ya meza ili nami nisikie.

Baada ya salamu akamuuliza bila kuzunguka, "Na kaka yako mnaonana?"

"Ijumaa tulikuwa pamoja, Baba," alijibu. "Alinichukua kwa gari lake tukaenda Al Rashid." Huo ni msikiti wa Edmonton uliofunguliwa mwaka 1938, wa kwanza kujengwa katika Kanada nzima. "Njia nzima alikuwa akimsema vibaya Nenshi. Nilimwambia ashike usukani."

"Na akashika?"

"Akashika. Kisha tukala kwake."

Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kikoi. Aliuliza habari za wajukuu, akauliza habari za baridi, akakata simu. Halafu akaingia dukani kumpimia sukari mtoto wa jirani.

Jioni alinisindikiza hadi stendi. Nilimkumbusha swali lake la kwanza, nikamwambia kwamba sheria imeupanga uchaguzi wa Alberta Oktoba 2027. Katika ule wa 2023 wahafidhina walipata viti 49 na NDP 38, kwa hiyo mlima upo, ila si mlima usiopandika. Zaidi ya hapo, nikamwambia, mwenye kubashiri amwangalie Poilievre wa Januari na Poilievre wa Aprili.

"Mimi sitabashiri," alisema. "Mwanangu akishinda, nitampigia binti kwanza nimpe pole. Binti akishinda, nitampigia mwana."

Matatu ilipoondoka nilimwona amesimama kando ya barabara, na juu yake nyaya za bwawa zikielekea kusini, kwetu.