Jinsia ya mpapai haisomeki kwenye mbegu

Mnunuzi anafika kitaluni asubuhi, anasalimia, kisha anachuchumaa mbele ya safu ya viriba. Hatazami majani wala unene wa shina. Anachomoa mche mmoja wa mpapai, anaukung'uta udongo, anauinua kwenye mwanga na kuukagua mzizi. Mzizi ukiwa mmoja ulionyooka, anaurudisha: huo ni dume. Ukiwa umegawanyika mara mbili au tatu, anautia kwenye beseni: huo ni jike. Beseni likijaa anamgeukia mwenye kitalu. "Mama, na nikitaka kuotesha mwenyewe nyumbani, mbegu ya jike nitaijuaje?"

Hutaijua. Si kwa macho, si kwa kuipapasa, si kwa kuidondosha kwenye maji.

Mabwana shamba wamelitoa jibu hilo miaka nenda miaka rudi, na bado swali linarudi kila mvua zinapokaribia, Muheza na Kilifi, Mkuranga na Machakos, na siku hizi hata kwa vijana wa mjini wanaootesha miche kwenye trei juu ya friji. Linarudi kwa sababu nyuma yake kuna hasara ya kweli. Mtu aliyepanda mipapai mia moja, akaitunza miezi sita, kisha akakuta karibu hamsini ni madume, amepoteza nusu ya samadi, nusu ya maji na nusu ya jasho lake. Huyo si wa kuchekwa. Anastahili kuonyeshwa swali lililo sahihi, maana hili analolishikilia linampeleka mikononi mwa watu wanaouza majibu ya uongo.

Na majibu hayo yamezagaa. Mbegu nyeusi tii ni jike, ya kahawia ni dume. Inayozama ni jike, inayoelea ni dume. Za upande wa kikonyo huzaa madume, za upande wa kitako huzaa majike. Aliyekwisha kupanda akaangukia dume huambiwa apigilie msumari wa inchi nne kwenye shina, mti utashtuka na kuanza kuzaa.

Rangi kwanza. Ganda la mbegu ya papai, lile jeusi lenye mikunjo, pamoja na kifuko cha ute kinacholizunguka, vyote viwili ni sehemu ya mti mama. Vimetengenezwa na ua la mama, si na kiinitete kilichomo ndani. Mwenye jinsia ni kiinitete. Ganda halina habari naye, kama khanga ya mama mjamzito isivyoweza kusema aliyemo tumboni ni wa kike au wa kiume. Mbegu ikiwa nyeusi, imekomaa. Ikiwa nyeupe au ya kahawia iliyopauka, mara nyingi papai lilichumwa changa. Hakuna zaidi ya hapo.

Kuzama nako ni hivyo hivyo. Mbegu inayozama imejaa. Inayoelea mara nyingi ni pepe. Anayezitupa zinazoelea anafanya vizuri, kwa kuwa zitakazobaki zitaota kwa wingi, lakini sifa anaipeleka pasipo pake. Alichofanya ni kuondoa mapepe, hakuchagua majike. Ama mbegu za kikonyoni na za kitakoni, kila mbegu ndani ya papai imetokana na chembe yake yenyewe ya chavua, na hakuna utaratibu unaozipanga chembe za kike upande huu na za kiume upande ule.

Mzizi ndio unaouma zaidi, kwa sababu ukaguzi wenyewe unaudhuru mche. Mzizi mkuu wa mpapai hushuka moja kwa moja ukikuta udongo tifutifu. Ukigonga kokoto, au ukifika kwenye kitako cha kiriba na kukosa pa kwenda, hugawanyika. Umbo lake linasimulia habari za udongo. Na mpapai ni miongoni mwa miche isiyopenda kabisa kuguswa mizizi: yule anayeuchomoa na kuukung'uta juani amekata vinywelea vinavyonyonya maji, na akiurudisha kiribani anamwachia mwenye kitalu mche utakaonyauka kesho kutwa.

Jinsia hupangwa mapema mno, saa ile chavua inapokutana na yai ndani ya ua. Mpapai una kromosomu 18, yaani jozi 9, na jozi moja ndiyo ya jinsia. Mwenye X mbili ni jike. Mwenye X na Y ni dume. Yupo na wa tatu, mwenye X na aina nyingine ya Y ambayo wataalamu huiandika Yh: huyo ni huntha, ua lake moja lina viungo vya kike na vya kiume pamoja, na hujizalisha lenyewe. Kiinitete kinachorithi Y mbili, za aina yoyote, hufa kabla mbegu haijakomaa. Mgawanyo huu ulifichuliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja peke yake, J. D. J. Hofmeyr wa Afrika Kusini na W. B. Storey wa Hawaii, kwa njia ya subira tu: kuchavusha maua kwa mkono, kupanda mbegu, kungoja maua, kuhesabu. Mwaka 2008 jenomu ya mpapai wa Hawaii uitwao SunUp ilichapishwa. Elimu hii si ya jana.

Msumari unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa huo watu huutetea kwa kiapo. Mtu atasema alimwona babu yake kwa macho yake akipigilia, na mti ukazaa. Huenda kweli ulizaa. Mpapai dume hubeba maua yake kwenye mashada marefu yanayoning'inia, na ndani ya kila ua kuna kijiovari kilichodumaa. Katika baadhi ya miti, hasa majira yanapobadilika na joto kushuka, ovari za maua ya nchani hazidumai. Zinakua, na mti dume unazaa mapapai membamba yaliyotundikwa kwenye vikonyo virefu kama taa za karabai. Miti ya namna hiyo huonekana vijijini, na huzaa bila kuguswa na chuma.

Tazama sasa mambo yanavyofuatana. Dume huonyesha maua lipatapo miezi sita hivi. Mwenye shamba anangoja, anakasirika, anapigilia msumari. Miezi mitatu baadaye msimu umegeuka na mapapai mawili yananing'inia. Sifa zote zinakwenda kwa msumari. Kuna na kisa kinachodanganya zaidi ya hicho: huntha akipigwa na joto kali na ukame, maua yake hupoteza ovari na kufanya kazi ya dume tu, kisha mvua ikirudi anazaa tena kama zamani. Aliyepigilia msumari Februari akala papai Agosti hakuponya dume. Alikuwa na huntha mwenye kiu. Na ile miti mingine iliyopigiliwa isizae ilikwishakatwa, hakuna anayeisimulia.

Chuma hakifiki kwenye kromosomu. Kinachofika ni maji na vimelea, kupitia tundu lililotobolewa kwenye shina laini lenye uwazi katikati, na mti ulioanza kuoza shina hauponi. Hayo yanahusu pia kamba, nyembe, chumvi na kila kitu kingine kinachouzwa au kushauriwa kwa ajili ya kumgeuza dume. Mwenye kutoza pesa kwa kazi hiyo anakula pesa ya mtu maskini, na lazima isemwe wazi.

Kinachozipa imani hizi maisha marefu ni hesabu ndogo sana. Pale majike na madume wanapotoka nusu kwa nusu, kila kanuni ya kuchagua hupatia mara moja katika kila mbili. Wape watu sita miche kumi kumi waichague kwa mizizi, kwa rangi au kwa kufumba macho: mmoja wao hivi atapata majike saba au zaidi kwa bahati tupu. Huyo mmoja ndiye atakayekuwa mwalimu wa mtaa mzima.

Swali sahihi, basi, ni hili: mbegu imetoka kwa mama wa aina gani, na chavua ilitoka wapi? Hilo lina jibu, na jibu lake lina namba. Jike aliyechavushwa na dume huzaa majike na madume nusu kwa nusu. Jike aliyechavushwa na huntha huzaa majike na mahuntha nusu kwa nusu, bila dume hata mmoja. Huntha aliyejichavusha huzaa mahuntha wawili kwa kila jike mmoja, na dume hayumo. Lakini huntha aliyefikiwa na chavua ya dume wa jirani huzaa aina zote tatu kwa mafungu sawa, na hapo ndipo mbegu za papai zuri la sokoni zinapomtia mtu hasara.

Umbo la tunda linasaidia kidogo. Papai la jike kwa kawaida ni la mviringo, lina uwazi mkubwa ndani na nyama nyembamba. La huntha ni refu, limejaa nyama. Anayetaka mbegu za uhakika humtafuta huntha anayezaa vizuri, hulifunika chipukizi la ua kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka, na kuuondoa kijitunda kikishashika. Mbegu za tunda hilo hazitatoa dume. Chotara kama Red Lady kutoka Taiwan huuzwa kwa sifa hiyo hiyo ya kutokuwa na madume, ila mbegu zinazokusanywa kutoka kwenye tunda la chotara hazirudishi sifa za mzazi wake. Kipimo cha vinasaba kinaweza kusoma jinsia kwenye kipande kidogo cha jani la mche. Kipo maabara, na mwenye miti hamsini hakimlipi.

Kuotesha kwenyewe ni kazi nyepesi. Mbegu zitoke kwenye papai lililoiva mtini. Zisuguliwe kwenye chekecheke kwa mchanga au majivu hadi kifuko cha ute kitoke chote, kwa sababu ute huo unazuia uotaji. Wengi wanaolalamika kuwa mbegu zao zimekufa wamezipanda na ute wake. Zioshwe, mapepe yatupwe, zianikwe kivulini, zilowekwe usiku kucha kabla ya kupanda. Udongo uwe mwepesi, wenye samadi iliyooza kabisa na mchanga kidogo, na mbegu ifukiwe sentimita moja tu. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 30. Dar es Salaam na Mombasa kivuli cha mwembe kinatosha. Nairobi ya Julai, Njombe au Lushoto trei ikae ndani, jikoni au juu ya friji, ikiwa imefunikwa kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na nailoni iondolewe vichwa vinapotokeza. Hapo miche isogezwe dirishani penye mwanga mwingi na igeuzwe kila siku, la sivyo itarefuka na kuinama kama inayochungulia.

Mbegu huchukua wiki 2 hadi 4. Asiyeziona siku ya kumi asizifukue. Maji yawe ya kuulainisha udongo, si ya kuuogesha: mche uliosimama jioni na kulala asubuhi, shina likiwa limebonyea na kulegea pale linapokutana na udongo, una kinyausi, na kinyausi hupenda udongo uliolowa usiopata hewa. Uliougua hauna dawa. Utolewe, trei ipate hewa, kumwagilia kupungue. Kila kiriba kibaki na mche mmoja, ule wa ziada ukatwe kwa mkasi badala ya kung'olewa. Miche ikifika sentimita 15 hadi 20, baada ya wiki 6 hadi 8, izoeshwe jua kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha ipandwe shambani na kiriba kichanwe taratibu bila kulivunja donge.

Jinsia inashughulikiwa shambani, kwa kupanda miche mitatu katika kila shimo, ikiachana kama futi moja. Kwa mbegu za jike na dume, shimo moja tu kati ya manane litakosa jike. Kwa mbegu za huntha aliyejichavusha, shimo moja kati ya 27 litakosa huntha. Hiyo ndiyo dawa nzima, na gharama yake ni viriba viwili zaidi.

Maua yakianza, yanasomeka bila mwalimu. Ya dume ni madogo na mengi, kwenye mashada marefu. La jike limekaa karibu na shina, nene chini, na ukilipasua unakuta ovari ya mviringo bila stameni, yaani viungo vya kiume. La huntha pia liko karibu na shina, ila ni jembamba zaidi, lina ovari ndefu na stameni zake. Penye mahuntha, madume yote yaondoke. Penye majike na madume tu, abaki dume mmoja kwa kila majike kumi hadi ishirini, na wasimalizwe kwa hasira: katika Bonde la Kerio nchini Kenya imeonekana kuwa nondo wakubwa warukao jioni ndio wanaobeba chavua kutoka mti hadi mti, na pasipo dume hawana cha kubeba. Mti wa ziada katika kila shimo ukatwe kwa panga usawa wa ardhi. Using'olewe, kwa sababu mizizi yake imekwisha kushikana na ya ule unaobaki.