Namna ya kulaza karavani wakati wa baridi



Katika somo la fizike sisi wote tumeandika kwamba maji yakigeuka barafu yanavimba. Litre 100 za maji zinatoa karibu litre 109 za barafu. Wengi wanakariri ile kwa ajili ya egzame ya serikali, kiisha wanaisahau. Siye wa darasa la sita tunapenda kueleza habari ya watu ambao hawawezi kuisahau: wenye karavani kule Kanada na kaskazini ya Marekani, mahali ambako ndugu wengi waliotoka Kivu wanaishi leo.

Karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu, gari inaikokota. Ndani muko vitanda, jiko ya gazi, frigo, dushi, choo, tanki za maji, na bomba nyembamba zinazopita chini ya sakafu na ndani ya kuta. Watu wanatembea nayo wakati wa joto. Lakini katika mji kama Winnipeg, baridi ya mwezi wa kwanza ni karibu digrii 16 chini ya sifuri, na usiku fulani inapita 30. Karavani inabaki inje miezi yote ile, bila moto ndani.

Ubaya wa barafu ni kwamba inavunja kimya. Bomba inapasuka mwezi wa kwanza, lakini maji yameganda, hakuna tone linalotoka. Mwenyewe anajua paka siku ile anafungua maji tena, yanapomwagika ndani ya kuta na mbao zinaanza kuoza. Tena, mara nyingi bomba haipasuki pale barafu ilipo. Barafu inaziba njia, inaendelea kukua, na inasukuma maji yaliyobaki kati yake na robine iliyofungwa. Yale maji hayana pa kwenda. Ni juu ya ile robine zinaachwa wazi.

Basi kwanza wanamwaga tanki zote, ya maji safi na za maji machafu. Mashini ya kuchemusha maji inataka akili, maana mara nyingi inabeba litre 23 hivi. Wanaizima, wanangojea ipoe, wanafungua robine moja ya maji ya moto ili nguvu itoke, njo wanatoa kizibo. Mwenye haraka anaweza kuchomwa usoni. Kiisha wanageuza vifungio ili dawa isiingie ndani yake na kupotea bure.

Dawa gani? Wengine wanapuliza bomba kwa mashini ya upepo, kwa nguvu kidogo. Wengine wanapitisha dawa ya rangi ya roza isiyoganda upesi. Pompi inaivuta, robine zinafunguliwa moja moja mpaka rangi inatokea, hata kwenye dushi na choo. Kikombe kimoja kinamwagwa katika kila shimo la lavabo, juu ile bomba iliyopindika chini yake inashika maji siku zote.

Hapa tukaze kidogo. Dawa ya bomba za maji ya kunywa ni propileni glikoli. Ile ya radiateri ya gari mara nyingi ni etileni glikoli, na hii ni sumu: inaharibu figo na inaua. Tena ni tamu mdomoni, kwa hiyo mtoto ao mbwa anaweza kuinywa kwa kupenda. Rangi peke yake inadanganya. Lazima kusoma maandiko kwenye bidoni. Hata siye huku, wenye kusaidia kwenye garaji, tusiweke ile maji ya radiateri ndani ya chupa ya limonadi.

Batri nayo inatolewa na kujazwa. Batri ya asidi iliyojaa haigandi mpaka karibu digrii 60 chini ya sifuri. Ile iliyokwisha inaweza kuganda hata kwa digrii 10 chini ya sifuri, kwa kuwa asidi yake imebaki karibu maji matupu.

Mengine ni kazi ya kila nyumba: kufunga gazi, kutoa chakula chote, kuacha mlango wa frigo wazi kidogo ili usiote ukungu, kuziba matundu (panya wanapenda magodoro sana), kutazama kama paa haina ufa. Kitambaa cha kufunika kinafaa kipitishe hewa. Plastiki inashika unyevu ndani.

Mwezi wa 4 ao wa 5, barafu ikiisha, wanasukutua bomba mpaka rangi na povu vinakwisha. Mmoja anasimama kwenye pompi, mwingine anainama chini ya lavabo na taa, anapapasa kila kiungo kwa mkono mkavu.