Mradi wa Mtoto na Amana ya Mwalimu

Likitajwa neno mtihani, wazazi wengi huliona akilini kontena lenye kufuli mbili, askari mlangoni, na bahasha isiyofunguliwa ila kwa saa yake. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Iko sehemu nyingine ya mtihani wa mtoto ambayo haikai ndani ya kontena wala hailindwi na askari. Hiyo hukaa shambani, karakanani na ndani ya kompyuta za shule kwa muda wa miezi, na mlinzi wake wa kwanza ni mwalimu. Juu ya sehemu hii tumeona tuseme leo, kwa kuwa mama ndiye anayeulizwa kwanza nyumbani: "Mama, nisaidie mradi."

Katika mtihani wa KCSE, somo la Kilimo lina karatasi ya tatu isiyofanyiwa ukumbini. Mtahiniwa hupewa maagizo ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, kisha hupanda zao au hufuga mnyama hapo shuleni, naye mwalimu humkagua hatua kwa hatua na kumwandikia alama. Somo la Kompyuta nalo lina mradi wake, ambao mwanafunzi hutengeneza mfumo wa kutunzia habari tangu kuupanga hata kuujaribu. Alama hizo hupelekwa kwa Baraza na kuhesabiwa pamoja na za karatasi alizoziandika.

Mtaala mpya wa umilisi umelikuza jambo hili zaidi. Mtoto anapomaliza Gredi ya 9, matokeo yake hayatokani na mtihani mmoja. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 katika kazi zilizosimamiwa shuleni akiwa Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 katika tathmini ya mwisho, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Basi katika kila alama tano za kumwingiza Sekondari Pevu, moja imepimwa na walimu wake mwenyewe. Huo ni uzito mkubwa kuwekwa juu ya mabega ya watu wachache.

Tuchukue mfano wa Mfangano, kisiwa kilichomo katika Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay, makao ya Wasuba. Jirani yake Rusinga imeungana na Mbita kwa njia ya gari, lakini Mfangano hufikiwa kwa mashua, kama zinavyofikiwa Faza na Siyu kwetu. Msomaji wa Lamu hahitaji kuelezwa maana yake: ziwa likichafuka, mgeni hafiki, na karatasi hazifiki kwa wakati. Ama mradi hauna shida hiyo, kwani haupandi mashua. Umeota papo hapo kisiwani. Lakini faida hiyo ina upande wa pili. Mkaguzi wa kutoka bara hawezi kufika kila juma, na shule ndogo huenda ikawa na mwalimu mmoja tu wa somo. Yeye ndiye anayefundisha, anayesimamia na anayetoa alama. Hapo ndipo wajibu wa wafanyakazi wote wa shule unapoonekana.

Wa kwanza ni mkuu wa shule. Yeye ndiye meneja wa kituo cha mtihani, na dhamana ya mwisho ni yake. Inampasa ayapokee maagizo mapema na kumkabidhi mwalimu siku hiyo hiyo, atenge ardhi, mbegu na zana za kuwatosha watahiniwa wote, ili mtoto wa maskini asishindwe kwa kukosa jembe. Inampasa awe na kabati linalofungwa na lisilovuja kwa ajili ya kumbukumbu. Wala asitie sahihi chini ya alama ambazo hakuiona kazi yake.

Wa pili ni mwalimu wa somo. Kazi yake huanza kwa kuwasomea watahiniwa wote maagizo yale yale kwa maneno yale yale, na kuwabainishia msaada unaoruhusiwa na usioruhusiwa. Kumkumbusha mwanafunzi kwamba palizi imechelewa ni kusimamia. Kumshikia jembe ni kumfanyia. Kumweleza maana ya swali ni kufundisha. Kumwandikia jibu ni kumwibia mwenziwe. Kisha, alama iandikwe siku ile ile hatua ilipokaguliwa, pamoja na tarehe. Mwalimu anayengoja mwisho wa muhula ndipo akumbuke nani alipanda kwa mstari na nani alirusha mbegu ovyo, huyo hakumbuki, anakisia.

Wa tatu ni mkuu wa idara, au mwalimu mwingine atakayeteuliwa. Huyu huchukua kazi chache, za juu, za kati na za chini, akazipima upya bila kuangalia alama za mwanzo. Zikitofautiana sana, hukaa pamoja na mwenziwe wakarejea vigezo. Na shule yenye mwalimu mmoja, kama za visiwani, hapana aibu kuomba mwalimu wa shule jirani avuke. Ikiwa mtahiniwa ni mtoto wa mwalimu mwenyewe, hili si la hiari: apimwe na mwingine. Hata uingizaji wa alama katika mfumo wa Baraza ufanywe na watu wawili, mmoja akisoma na mwenziwe akihakiki, maana 73 iliyogeuka 37 ni dhuluma, ijapokuwa hakuna aliyeikusudia.

Tena kuna jambo ambalo husahauliwa sana. Walimu huhamishwa na Tume yao, wa pwani wakapelekwa ziwani na wa ziwani wakaletwa kwetu. Mwalimu akiondoka katikati ya mwaka na daftari la alama ndani ya mkoba wake, watahiniwa hubaki kama mayatima. Makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya mkuu wa shule, jina kwa jina, kabla hajapanda mashua.

Wasomaji wetu waliosoma chuoni hawataliona hili kuwa geni. Mwalimu wetu wa Kurani hakumruhusu mtoto kuhama sura kwa kuambiwa na baba yake kwamba ameihifadhi. Alimketisha mbele yake, akamsikiliza kwa sikio lake. Na wanazuoni wetu walipotoa ijaza, walishuhudia kwamba mwanafunzi amesoma kitabu mbele yao. Alama ya mradi ni ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mwalimu anasema: nimemwona huyu akifanya. Kama hakumwona, amesema asilolijua.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, hautokani na mwalimu mwovu. Hutokana na mwalimu mwenye huruma. Ziwani, dagaa, ambao huko huitwa omena, huvuliwa usiku kwa taa. Kijana anayevua usiku ili apate karo hufika shuleni asubuhi akiwa hoi, na kitalu chake cha mboga kikakauka. Mwalimu anamjua, anaijua na nyumba yao. Kalamu inataka kumwongezea. Tunasema: amwonee huruma, lakini asimwonee huruma kwa kalamu. Ambadilishie saa ya kukaguliwa, amgawie kitalu kilicho karibu na maji, amwite mzazi, amfikishe kwa mkuu wa shule atafutiwe msaada wa karo. Yote hayo ni halali na yana faida. Ama alama ya bure humnyang'anya msichana wa dawati la pili aliyechota maji kila alfajiri, naye hana habari kwamba amenyang'anywa. Vivyo hivyo ukame ukiua mazao au mtoto akiugua: hatua zilizokwisha kukaguliwa na kuandikwa tarehe ndizo ushahidi wa kumtetea mbele ya Baraza. Daftari safi ni huruma pia.

Nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa kupuuza mambo haya. Baada ya uvujaji wa mitihani ya mwaka 2015, Waziri Fred Matiang'i aliivunja bodi ya KNEC mwezi Machi 2016, na Profesa George Magoha akapewa uenyekiti. Waliopata A katika KCSE walikuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakawa 141. Watu wangali wakibishana juu ya sababu zote za anguko lile, lakini matokeo yake kwa familia yalikuwa wazi: hata mtoto aliyestahili alitazamwa kwa shaka. Karatasi zikapata kontena na kufuli. Mradi hauwezi kutiwa kufuli, kwa sababu ni lazima uguswe kila siku. Kufuli yake ni watu.

Na watu hao si walimu peke yao. Mama anayemnunulia mwanawe kazi iliyokwisha tengenezwa, au baba anayemlipa fundi wa kompyuta amfanyie, amemweka mwalimu mahali pagumu na mtoto mahali pabaya zaidi, kwani huko mbele ataulizwa alichokitengeneza naye hatajua. Msaada wa nyumbani ni kumwamsha mapema, kumpunguzia kazi siku ya kukaguliwa, na kumsikiliza anapoeleza alichofanya.

Mkutano wa wazazi wa muhula huu ukifika, tusiulizie karo na sare tu. Tumwombe mwalimu atueleze ni miradi gani watoto wetu wanafanya, nani anayeihakiki kazi yake, na daftari la alama linawekwa wapi. Mwalimu mwaminifu atafurahi kuulizwa, na mwenye kulegea atakwenda kulitafuta daftari lake.